Joe Wilson hakuwasamehe

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Niliwahi kukusikia ukiitaja filamu ya zamani, Fury, ya mwaka 1936. Juzi nikaitafuta, nikaiangalia kwenye simu. Mtu anakamatwa njiani kwa kosa asilolijua, mji mzima unakwenda kuchoma jela na yeye yumo ndani. Anaponea chupuchupu, anajificha, watu 22 wanashtakiwa kwa kumuua. Nikasema haya, sasa wanyongwe. Halafu mwishoni kabisa anajitokeza mwenyewe mahakamani, wanasalimika, yeye na mchumba wake wanabusiana, kwisha. Nilikasirika nikaitupa simu kitandani. Inakuwaje aliyechomwa ndiye anageuzwa mkosaji? Kisa hiki kilitokea kweli? Na yule mbwa, alikufa?" (Msomaji wa Njombe)

Marahaba, mwanangu. Hasira hiyo naifahamu. Filamu hii nimeionyesha darasani miaka mingi, na sikumbuki mwaka ambao watu hawakuguna pale mlango wa mahakama unapofunguka Joe akaingia. Kijana mmoja aliwahi kupaza sauti kutoka nyuma, "Rudi ulikotoka!" Darasa zima likacheka, yeye hakucheka. Kwa hiyo kukasirika hujakosea. Ninachobishana nawe ni hicho cha kugeuzwa mkosaji. Joe hawasamehi wale watu, na anasema hivyo waziwazi, ila anasema wakati ambao mtazamaji tayari amenuna na hasikii tena. Filamu ina uongo wake, tena mkubwa, lakini haupo pale ulipouona wewe.

Kwanza kisa. Kilitokea, ila hakikwenda hivyo.

Tarehe 9 Novemba 1933, katika mji wa San Jose, jimbo la California, kijana wa miaka 22 aitwaye Brooke Hart alitekwa. Baba yake alikuwa na duka kubwa la kifahari mjini, na mtoto ndiye aliyekuwa akiandaliwa kulirithi. San Jose ya wakati ule ilikuwa nchi ya bustani za matunda. Ndiyo hiyohiyo ambayo leo imezungukwa na makampuni ya kompyuta. Watekaji walipiga simu wakidai dola 40,000, kumbe kijana wameshamuua usiku uleule na kumtupa majini kutoka kwenye daraja la San Mateo. Mmoja, Thomas Thurmond, alinaswa akiwa bado kwenye simu anadai fedha. Akamtaja mwenzake, John Holmes. Wote wawili wakawekwa ndani.

Mwili wa Hart ulipatikana Novemba 26. Usiku wa siku hiyohiyo maelfu ya watu wakajazana nje ya jela. Maofisa wakarusha mabomu ya machozi, hayakusaidia. Watu wakachukua bomba zito la chuma kwenye eneo la ujenzi jirani, wakalibeba kama gogo na kupigia mlango mpaka ukaachia. Wakawatoa wale wawili, wakavuka nao barabara hadi bustani ya St. James, wakawanyonga kwenye miti. Kesho yake watu walikuwa wakibandua magamba ya miti hiyo waende nayo nyumbani kama kumbukumbu.

Sasa sikiliza habari ya gavana. James Rolph, gavana wa California, alikuwa amekataa kutuma askari wa akiba wa jimbo. Mambo yalipokwisha akatangaza mbele ya waandishi kwamba hilo lilikuwa somo bora kuliko yote ambayo California imewahi kuipa nchi, na kwamba yeyote atakayekamatwa kwa kuwanyonga wale wawili, yeye atamsamehe. Hakuhitaji hata kutimiza ahadi. Hakuna aliyepatikana na hatia.

Hayo ndiyo yaliyomfikia Fritz Lang, mwongozaji wa filamu yetu. Huyu alizaliwa Vienna, akajipatia jina Berlin, akaondoka Ujerumani mwaka 1933 Wanazi waliposhika nchi, na 1934 akaingia Marekani akiwa na mkataba wa studio ya MGM. Fury ndiyo filamu yake ya kwanza Marekani. Wazo la hadithi lilitoka kwa Norman Krasna. Lang mwenyewe na Bartlett Cormack ndio walioandika mchezo. Lang alikuwa akikusanya vipande vya magazeti juu ya kesi za namna hii, na ukiangalia kwa makini utaona filamu inanukia wino wa gazeti kila mahali.

Angalia walichobadilisha. Watuhumiwa wawili wakawa mmoja, kamba ikawa moto, aliyekufa akapona. Kubwa kuliko yote, mtu ambaye mkono wake ulikuwa na damu akawa mtu safi kabisa: Joe Wilson, anayeigizwa na Spencer Tracy, mwenye kituo cha mafuta na ndugu zake wawili, anasafiri kwenda kumchukua mchumba wake Katherine wakafunge ndoa. Anakamatwa kwa sababu mfukoni ana karanga za chumvi, na watekaji wanaosakwa wameacha alama za karanga. Halafu noti yake moja ya dola tano inaonekana kuwa miongoni mwa zile zilizolipwa kwa watekaji. Basi. Karanga na noti.

Hapa, mwanangu, ndipo filamu inapotubembeleza mimi na wewe. Tunajua tangu mwanzo kwamba Joe hana kosa, kwa hiyo tunakaa kwenye viti vyetu tukiwaona watu wa Strand, ule mji wa kwenye filamu, kuwa wanyama, na sisi ni watu wema. Lakini umati wa San Jose haukuwa umekosea mtu. Angalau Thurmond alikuwa ameshakiri. Filamu ngumu zaidi ingempa Joe damu mikononi, kisha ingetuuliza kama bado tunalia naye. Studio isingekubali kamwe. Nadhani hata Lang alijua anatupa njia rahisi, ndiyo maana katikati ya filamu anaibomoa: anamchukua huyo mtu safi tuliyempenda na kumfanya yeye ndiye anayetaka kuua.

Kabla ya kufika huko, turudi nyuma kidogo, kwenye sehemu ambayo kwangu ni bora kuliko zote na ambayo watu wengi huipita haraka wakisubiri moto. Namna habari inavyosafiri.

Naibu sherifu aliyemkamata Joe anakwenda kwa kinyozi. Hawezi kunyamaza. Hasemi uongo wowote. Anadokeza tu, kwa ile sauti ya mtu anayejua jambo. Ukumbini hapo kuna kinyozi mgeni, aliyehamia Marekani, ambaye anaifahamu katiba ya nchi kuliko wenyeji, na anaeleza kwa nini: yeye ilibidi aisome ili apewe uraia. Kinyozi mwingine hana subira, anakimbilia simu kumpigia mkewe. Mke anamwambia jirani ukutani, jirani anamwambia wa dukani. Kila anayepokea anaongeza chumvi kidogo tu. Karanga zimekuwa ushahidi kamili, noti moja imekuwa bunda, mtuhumiwa amekuwa mhalifu aliyekiri. Halafu wanawake wakiwa katikati ya mazungumzo, Lang anakata ghafla na kutuonyesha kuku wanakokoreka bandani. Ni dongo la wazi mno, wanafunzi wangu wa kike hulilalamikia kila mwaka, na wana haki, kwa sababu wanaume wa baa ndio wanaobeba shoka baadaye. Lakini ule mnyororo wenyewe, sijaona uliosukwa vizuri zaidi. Hakuna mtu mmoja unayeweza kumwonyesha kidole ukasema huyu ndiye aliyeanzisha.

Na hilo ndilo linalonigusa kama msomaji wa magazeti ya kwetu. Unaifahamu ile sentensi: "ameuawa na wananchi wenye hasira kali." Nimeisoma tangu nikiwa kijana, haibadiliki, kama muhuri. Marehemu ana jina, ana umri, ana kijiji alikotoka. Waliomuua hawana jina wala uso, wana hasira tu. Wanakuja kama mvua na kuondoka kama mvua. Fury inafanya kinyume kabisa cha sentensi hiyo. Inasimamisha watu 22 kizimbani na kuwaita mmoja mmoja kwa majina: huyu ni mama wa nyumbani, huyu ana biashara yake, huyu ni kijana wa mitaani aliyezoea kukaa baa. Nilipoiona mara ya kwanza hilo ndilo lililonitikisa kuliko moto.

Sasa kesi. Kila shahidi wa Strand anapanda kizimbani, anaapa, na kusema mtuhumiwa fulani hakuwepo. Alikuwa kwangu, alikuwa mgonjwa, alikuwa shambani. Mji mzima umefunga midomo. Mwendesha mashtaka anawaacha waape mpaka mwisho, wajifunge wenyewe. Halafu anaomba taa zizimwe na kuleta projekta.

Zamani kabla ya filamu kuanza kwenye jumba la sinema watu walikuwa wakionyeshwa kwanza filamu fupi ya habari za wiki. Wapiga picha wa habari hizo walikuwepo Strand usiku ule, dirishani, wakiuchukua moto. Basi mahakamani picha inatembea, kisha inasimama, na uso unabaki ukutani umeganda: mwanamke anazungusha kijinga cha moto juu ya kichwa, mwanamume ameinua shoka anakata mpira wa maji wa zimamoto. Ni mtu yuleyule ambaye dakika chache zilizopita jirani yake aliapa kwamba hakutoka nyumbani. Ukiwatazama pale kizimbani wakijiona, utagundua hawaogopi kamba tu. Hawaamini kwamba ule mdomo uliopanuka ni wao.

Hukuuliza, lakini huenda umejiuliza kama kweli mtu anaweza kuhukumiwa kwa kuua ilhali maiti haipo. Anaweza. Wakili wa utetezi katika filamu anang'ang'ania kwamba maiti haijaonekana, na watu wengi hudhani ule msemo wa Kilatini, corpus delicti, maana yake ni mwili wa marehemu. Maana yake ni mwili wa kosa, yaani uthibitisho kwamba kosa lilitendeka. Mahakama, za kwetu zikiwemo, zinaweza kuridhika kwa ushahidi wa mazingira kwamba mtu amekufa na nani amemuua. Ndiyo maana Joe, akiwa mafichoni, anatuma barua isiyo na jina pamoja na mabaki ya pete yake iliyoungua, ionekane imeokotwa kwenye majivu. Lengo lake ni kuziba pengo lile la maiti.

Na barua hiyo ndiyo inayomfichua kwa Katherine. Ndani yake Joe ameandika neno la Kiingereza la kumbukumbu kwa namna anavyolikosea yeye siku zote. Anasema "mementum," na mwanzoni mwa filamu Katherine alimsahihisha kwa upendo wakiwa stesheni wanaagana. Hapo stesheni pia alimshonea koti la mvua lililochanika, kwa uzi wa buluu maana ndio aliokuwa nao. Koti hilo analiona tena baadaye, na mshono wake mwenyewe. Mimi hupenda kuwaambia wanafunzi: serikali nzima imetumia projekta kuwatambua wauaji, na mwanamke mmoja ametumia uzi na kosa la tahajia kumtambua mchumba.

Sasa tuje kwa Joe mwenyewe, maana hapo ndipo tulipoachana.

Anapowatokea ndugu zake kwa mara ya kwanza usiku, nao wanaamini amekufa, hasemi amefurahi kuwaona. Anawaambia ameshinda kutwa sinema. Alikuwa akitazama filamu ya habari, ya yeye mwenyewe akichomwa hai. Ameitazama mara kumi, labda ishirini. Ukumbi ulikuwa umejaa pomoni, anasema, na watu walikuwa wanaburudika. Spencer Tracy hasemi kwa kelele. Anakaa gizani, sauti imekufa. Wewe uliyeangalia filamu hii kwenye simu, hiyohiyo ambayo kila juma inatumiwa video za mtu anapigwa katikati ya duara la watu, hebu irudie sehemu hiyo. Mwaka 1936 walikuwa wameshaliona.

Kisha anatoa mpango. Wale watu 22 atawapa kile ambacho wao hawakumpa: kesi ya kisheria, jaji wa kisheria, wakili wa kisheria, hukumu ya kisheria, na kifo cha kisheria. Neno "kisheria" analirudia kama mtu anayepiga misumari. Hebu lisikilize. Anataka watu wauawe kwa kosa ambalo yeye peke yake duniani, pamoja na ndugu zake, anajua kwamba halikukamilika. Amegeuza mahakama kuwa umati wake. Watu wa Strand walikuwa na baruti na petroli. Yeye ana jaji na wale raia 12 wanaoamua hatia katika mahakama za Marekani, na wote hawajui kwamba wanatumiwa.

Je, hilo linamfanya afanane na waliomchoma? Hapana, na sidhani Lang alitaka useme hivyo. Wao walitaka kumuua mtu asiye na kosa wakicheka. Yeye anataka kuwaua watu wenye kosa akiwa amevunjika. Ila ona kinachomtokea kadiri kesi inavyokwenda: hawezi tena kukaa na watu. Usiku anakwenda kula peke yake. Kwenye baa, mhudumu anachana karatasi ya kalenda ya siku iliyopita, zinatoka mbili kwa pamoja, na tarehe inayobaki ukutani ni 22. Nje anasimama mbele ya dirisha la duka lenye samani za chumba cha kulala, sawasawa na dirisha ambalo yeye na Katherine walisimama filamu ilipoanza, wakipanga maisha. Kwenye kioo anaona nyuso za wale washtakiwa zimejipanga nyuma yake. Anakimbia. Barabara ni tupu, lakini nyayo anazisikia.

Kwa hiyo anapokwenda mahakamani, majina yakiwa yanasomwa na neno "ana hatia" linafuata jina kwa jina, haendi kwa huruma. Sikiliza anachomwambia jaji. Anasema anajua kuja kwake kumewaokoa watu hawa, ila hakuja kwa ajili hiyo, hajali kuwaokoa. Ni wauaji. Sheria inasema sio, kwa kuwa yeye yu hai, lakini kuwa kwake hai si kwa wema wao. Halafu anasema sheria haijui kwamba usiku ule kuna vitu viliungua ndani yake vikafa kweli: imani yake katika haki, dhana kwamba watu wamestaarabika, na fahari aliyokuwa nayo juu ya nchi yake. Hapo hakuna msamaha, mwanangu. Anakuja kwa sababu peke yake hawezi tena kuishi. Ni sababu ya ubinafsi kabisa, na ndiyo maana naiamini.

Jingine ambalo hasira ilikufanya usilione: hawatoki bure. Filamu inaisha kabla ya kutuambia, lakini kesi ya kuua ikianguka, lile la kujaribu kuua linabaki limesimama wima, na kuchoma jengo la serikali, na kwa wale mashahidi wote, kiapo cha uongo. Lingekuwa limetokea Njombe, kifungu cha 211 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinaruhusu hadi kifungo cha maisha kwa kujaribu kuua. Kamba unayoitaka haipo, ila milango ya gereza ipo.

Sasa nikuonyeshe ule uongo wa filamu niliokutajia mwanzoni.

Tarehe 7 Agosti 1930, miaka mitatu kabla ya San Jose, katika mji mdogo wa Marion, jimbo la Indiana, umati wa Wazungu ulivunja jela na kuwatoa vijana watatu Weusi waliokuwa wakituhumiwa kwa mauaji na ubakaji. Wawili, Thomas Shipp na Abram Smith, walinyongwa kwenye mti wa uwanja wa mahakama. Wa tatu, James Cameron, alikuwa na miaka 16. Kamba ilikuwa imeshavishwa shingoni mwake. Akaachwa, akarudishwa jela akiwa hai. Huyo ndiye Joe Wilson wa kweli, aliyeponea mikononi mwa mji mzima.

Na picha ilikuwepo pia. Mpiga picha wa mjini, Lawrence Beitler, alipiga picha moja usiku ule na kuuza maelfu ya nakala. Huenda umeiona bila kujua ni ya wapi. Juu, miili miwili. Chini, watu wamegeuka kuitazama kamera, nyuso zinaonekana vizuri kuliko za mahakama ya Strand: wanawake vijana wamevaa nguo za kutokea, mwanamume mwenye masharubu anaonyesha kidole juu, kwenye miili, kana kwamba anatuelekeza tusije tukakosa kuona. Hakuna aliyejificha. Na hakuna aliyepatikana na hatia. Aliyehukumiwa ni Cameron. Alifungwa miaka minne kwa ushiriki katika kosa lile la kwanza. Gavana wa Indiana alimpa msamaha mwaka 1993, Cameron akiwa mzee ambaye alikuwa ameshaanzisha jumba la makumbusho huko Milwaukee juu ya mateso ya Wamarekani Weusi.

Katika filamu, picha inapoonekana ukutani mji unavunjika. Huko Marion picha ilikuwa mikononi mwa kila mtu, wengine waliitumia kama kadi ya posta, na mji haukuvunjika hata kidogo, kwa kuwa waliotakiwa kuhukumu walikuwa ni majirani wa waliokuwa pichani. Lang, mtu wa kamera, aliamini mno kamera. Ndiyo sehemu ya filamu ambayo sikubaliani nayo, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kuilalamikia. Wote hulalamikia busu.

Uongo wa pili unatoka kwenye huo wa kwanza. Chuo cha Tuskegee, Alabama, ambacho kilikuwa kikiweka kumbukumbu za mauaji ya namna hii, kilihesabu watu 4,743 waliouawa na umati Marekani kati ya 1882 na 1968, na 3,446 kati yao walikuwa Weusi. Uso wa Spencer Tracy hauwakilishi hesabu hiyo. Baadaye Lang alisimulia kwamba studio haikutaka watu Weusi waonekane kwenye hadithi ya aina hiyo. Namwamini, biashara ya sinema wakati ule ilikuwa hivyo. Bunge la Marekani nalo halikuwa na haraka: sheria ya nchi nzima inayotaja kosa hili kwa jina lake ilitiwa saini Machi 2022.

Busu, basi. Katika hilo nakuunga mkono kwa asilimia mia. Mtu amesimama mbele ya jaji anaeleza vitu vilivyokufa ndani yake, na kabla maneno hayajatua anageuka kumbusu mchumba kana kwamba meli imefika bandarini. Lang mwenyewe hakulipenda, alilalamika juu yake miaka mingi baadaye. Mimi hutumia njia ya mkato: Joe akimaliza kusema, nazima projekta. Wanaotaka busu wakalitafute nyumbani.

Na mbwa. Nimekuacha mwisho makusudi, maana swali lako hilo ndilo lililonifanya nichague barua hii. Ndiyo, alikufa. Rainbow, yule mbwa wa mitaani ambaye Joe alimwokota kwenye mvua usiku ambao Katherine alipanda treni. Joe anawaambia ndugu zake: baruti iliyorushwa kubomoa jela iling'oa mlango wa selo, ndiyo ikamfungulia njia, ikamuua mbwa hapohapo. Yeye akateremka kwa bomba la maji ya mvua, ubavu mmoja unaungua, ananusa harufu ya nyama yake mwenyewe. Katika orodha ndefu ya mashtaka iliyosomwa mbele ya jaji, mbwa hakutajwa.